Nyuzi za Zambarau kwenye Giaboksi

Aibu ya gari kukuzimikia njiani ni moja, lakini likugomee katikati ya soko la Garissa saa nne asubuhi, hiyo ni aibu yenye mashahidi. Hibo aliionja siku hiyo. Nyuma ya gari lake jeupe mlikuwa na madebe sita ya maziwa ya ngamia, mbele yake mkokoteni wa punda, pembeni wauza matikiti. Injini ilinguruma, magurudumu hayakusogea hata inchi. Na kama kawaida ya sokoni, kila mtu ghafla akawa fundi.

"Sukumeni! Itaenda!"

"Acheni," sauti moja ikawakata. "Hiyo ni otomatiki. Hata mkiisukuma mpaka Wajir haitashika."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya sala na ovaroli ya bluu iliyopauka, mkononi chupa tupu. Galgallo, Mborana wa Griftu, fundi wa gereji ya nyuma ya soko, alikuwa amekuja kununua maziwa tu. Aliinamia injini, akagusa asipopaswa kugusa, akaruka nyuma akipuliza vidole.

Hibo alikuwa na hijabu nyeusi, na juu yake mtandio mwembamba wa zambarau wenye matamvua marefu. Bila kufikiri aliuvua, akaulowesha kwa maji ya kunywa, akamfunga mkono.

"Fundi gani anaungua?"

"Fundi anayeangalia dereva badala ya injini."

"Astaghfirullah! Una mdomo wewe."

"Na mtandio nitaurudisha lini?"

"Ukinitengenezea gari."

Walizungumza Kiswahili, maana yeye Msomali na kijana Mborana, na Kisomali cha Galgallo kilimtosha kuagizia chai tu. Hakuna aliyejali.

Giaboksi ilishushwa, ikafunguliwa yote, ikachukua siku nane. Kila jioni Hibo alipita na chupa ya maziwa, akisema amekuja kuona gari. Nani alidanganyika? Hata paka wa gereji alijua alichofuata.

"Njoo uone," Galgallo alimwambia siku ya tatu. "Hapa ndani kitambaa ni haramu. Kila kipande kinaoshwa kwa petroli, kinakaushwa kwa upepo. Uzi ukiingia, chujio linaziba, oili haipandi, gari inakataa kwenda."

"Na mtandio wangu?"

"Bado naufua."

"Siku tatu unafua?"

"Ulikuja mchafu sana, dada."

"Usiniite dada."

"Nikuite nani?"

Hibo alitazama pembeni, uso umemwaka. "Fikiria mwenyewe, wewe si ndiye fundi?"

Siku ya nane gari liliondoka gerejini likiteleza kama siagi kwenye kikaango, na miezi miwili baadaye Galgallo akatamka neno la posa. Mama yake Hibo, Raho, hoyo kwa Kisomali chao, mjane aliyelea watoto wanne kwa biashara hiyo hiyo ya maziwa, hakuuliza mengi.

"Humjui kwao, hujui ukoo wake. Unamjua kwa nini?"

"Kwa kazi yake, hoyo. Nilimpa gari yetu, na hajaniangusha."

"Basi gari itatusemea. Mwambie alete wazee wake Ijumaa, baada ya swala."

Galgallo akapanda basi Jumanne alfajiri kwenda Griftu kuwachukua wazee. Na Jumanne hiyo hiyo, saa sita mchana, gari likamgeuka Hibo.

Alikuwa ametoka kuchukua maziwa kwa Timiro na wafugaji wenzake, mbele ya Shimbirey, barabara ya Modogashe. Mara injini ikapiga kelele na mwendo ukafa. Alipumzisha gari nusu saa, likaenda kilomita mbili, likapata moto, likakataa tena. Jua lilikuwa limesimama utosini. Alimpigia Galgallo: mteja hapatikani. Akapiga tena: mteja hapatikani. Mpaka lori la mbuzi lilipokuja kumvuta, maziwa yote yalikuwa yamechachuka ndani ya madebe. Timiro hakusoma, lakini kila asubuhi alimkabidhi maziwa bila shahidi, kwa neno tu. Hibo alilia alipoyamwaga.

Shariff, fundi mzee wa upande wa pili wa mji, alifungua giaboksi Jumatano. Alhamisi asubuhi akamwita Hibo, akamwonyesha sahani ya bati. Ndani yake kulikuwa na chujio, na juu ya chujio zimejisokota nyuzi.

"Fundi wako alifuta na kitambaa," alisema. "Mwanafunzi wa siku ya kwanza hafanyi hivi."

Hibo alizipangusa oili kwa kidole. Zambarau. Moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu. Kumbe ndiyo sababu mtandio haukurudi! Galgallo aliugeuza tambara la gereji, huku akimsomea yeye mahubiri ya kitambaa ni haramu. Alijiona mjinga wa mji mzima.

Simu ikaita adhuhuri.

"Mpenzi! Mtandao umerudi. Tuko Habaswein. Wazee wanakusalimu, hata—"

"Usiwalete."

"Nini?"

"Warudishe Griftu. Gari imekufa, maziwa ya watu yameharibika, na ndani ya giaboksi tumekuta kitambaa. Kitambaa, Galgallo!"

"Walahi sikufuta na kitambaa."

"Nimeona kwa macho yangu! Hoyo alisema gari itatusemea. Basi imesema."

"Hibo, niache niione kwanza. Iko kwa nani?"

"Kwa Shariff. Ione, halafu uende kwenu."

Akakata. Akampigia mama yake, akamwambia gari imesema na wageni amewarudisha, akazima simu kabisa, kisha akakaa akiitazama kana kwamba itajiwasha yenyewe. Alimchukia Galgallo, na alitamani apige tena. Mapenzi hayana akili, tusidanganyane.

Saa kumi na moja jioni alirudi kwa Shariff kuuliza kama gari litapona. Alimkuta Galgallo amechuchumaa mbele ya vipande, vumbi la safari toka nywele mpaka viatu, shati jeupe la ugeni limegeuka rangi ya barabara. Na shingoni, mtandio wa zambarau.

"Wazee wako wapi?" Hibo aliuliza, sauti kavu.

"Kwenye mkahawa wa karibu na msikiti. Wanakunywa chai ya tatu. Wanataka kujua kama wao ni wageni au wapita njia."

"Nipe mtandio wangu."

Uso wa Galgallo ulisawijika. Aliufungua taratibu, akaukunja mara mbili, akaunyoosha kwa mikono miwili.

Hibo aliupokea akiwa tayari kumtupia usoni. Ulinukia sabuni na udi. Akaugeuza upande, akaugeuza mwingine. Hapakuwa na doa la oili, hata la ncha ya kidole. Tambara lililofuta giaboksi lingekuwa jeusi kama sufuria ya harusi, na huu ulikuwa safi kuliko alivyoutoa yeye. Kilichopungua ni kimoja tu: upande mmoja matamvua yalikuwa yameliwa, yamebaki vishungi vifupi.

"Matamvua yako wapi?"

Galgallo alitazama mtandio. Akatazama sahani ya Shariff. Akatazama tena mtandio, na mdomo ukabaki wazi.

"Nilikuwa nao begani," alisema polepole. "Siku zote nane. Naosha mikono, nauvaa, naingia kazini. Ukija jioni, nauficha. Sikuweza... sikuweza kuuacha nyumbani, Hibo. Nilipoinama..." Akajipiga paji la uso. "Mimi ndiye nakufundisha uzi unaua gari, na mimi ndiye nimeuleta shingoni mwangu! Kosa ni langu. Sina la kujitetea."

Shariff alikohoa. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akaenda kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Hibo alitaka kuendelea kukasirika. Haki ya Mungu alijaribu. Lakini kicheko kilimtoka pamoja na machozi, ikabidi ajifunike uso kwa huo huo mtandio.

"Mjinga wewe," alisema ndani ya kitambaa. "Mjinga wangu."

"Niambie nifanye nini."

"Kwanza, Timiro na wenzake. Utakwenda na mimi, uwaombe msamaha kwa kinywa chako mwenyewe."

"Hata kwa miguu."

"Pili, gari utaifungua upya, uifunge upya, mzee Shariff akiwa amesimama hapo."

"Na tatu?"

Hibo aliutandaza mtandio mabegani mwake, upande wenye matamvua mafupi ukatokea mbele.

"Huu unarudi kwangu. Utauona tena baada ya nikaha. Na hata hapo, ukienda kazini, unauacha nyumbani."

"Nitauacha."

"Na mimi ndani yake."

Galgallo alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Hibo akawasha simu, akampigia mama yake.

"Hoyo, kesho baada ya swala weka chai. Wageni ni watatu."

"Si ulisema umewarudisha? Si ulisema gari imesema?"

"Imesema, hoyo. Mimi ndiye sikuisikia vizuri."

"Inasema nini, basi?"

Hibo alimtazama kijana aliyekaa vumbini, anahesabu nyuzi moja moja kutoka kwenye sahani na kuzifunga ndani ya karatasi asizipoteze.

"Inasema ananipenda kuliko kazi yake," alijibu. "Na kazi yake anaipenda sana, hoyo."

"Haya," Raho akasema. "Nitaweka na iliki. Waambie wazee wasichelewe."