Nukta ya Buluu Nyuma ya Loji

Wenzangu wa mpakani, nisikilizeni niwaeleze yaliyoipata nyumba moja hapa Malaba. Asubuhi hiyo Akwii alikuwa akiosha vyombo nje, kuku wakidonoa makombo miguuni pake. Mumewe, Oriokot, alipangusa pikipiki yake ya bodaboda huku akipiga mluzi. Ilikuwa nyumba ya amani.

Chini ya kiti cha pikipiki palifungwa traka, kifaa kidogo kinachoongea na simu kwa mtandao. Ukifungua simu, unaiona pikipiki ilipo, nukta ya buluu kwenye ramani. Ukibonyeza kitufe chekundu, injini inazimika hata ukiwa mbali. Wezi walipoiiba mwaka jana, Akwii ndiye aliyeizima karibu na Butula, nao wakaitupa wakakimbia. Siku hiyo aliibusu simu.

Kifaa chenyewe hakina ubaya. Lakini Akwii alianza kukitazama bila wizi wowote. Akisonga ugali, anatazama. Kanisani, anatazama chini ya leso. Ndipo akagundua kwamba kila Jumanne nukta inatoka Kamuriai, kijiji alikozaliwa, inakwenda nyuma ya loji, zile nyumba za kulala madereva wa malori, na kukaa pale muda mrefu.

"Nyuma ya loji?" Petronilla, jirani yake, alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, wewe endelea kumpigia mashati pasi. Mwenzako anayavua huko."

Akwii alicheka pia, kisha akaingia ndani. Aliyanusa mashati. Moja lilikuwa na harufu ngeni, si jasho wala petroli.

"Baba Amuge, Jumanne huwa unabeba nani?" akamwuliza mumewe.

"Si wateja tu?" Oriokot akainama kufunga kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Ninyi mnaojua wivu, mnajua kiatu kile kilimfanyia nini.

Jumanne iliyofuata, nukta ilitoka Kamuriai tena. Akwii aliwaza mikono ya mwanamke ikimzunguka mumewe kiunoni, mikono laini, yenye kucha za rangi. "Leo mtatembea kwa miguu, wewe na huyo wako," akasema, akabonyeza. Nukta ikasimama. Akasikia utamu moyoni.

Utamu haukukaa. Simu iliita.

"Pikipiki imezima katikati ya reli!" Oriokot alikuwa akihema. "Lori limetugonga nyuma. Mama ameanguka!"

"Mama gani?"

"Mama yako, Akwii! Mama yako!"

Mama huyo alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguu kilichohitaji kuoshwa kliniki, ile iliyo nyuma ya loji. Vijana wa boda walimkataa kwa sababu ya harufu. Na kwetu mnajua, mkwe hata mkono hampi mama wa mke wake, sembuse kumpakia nyuma yake kwenye pikipiki. Mama alilia kabla ya kukubali. Alimwapisha Oriokot: "Akwii asijue. Nitamtazamaje mwanangu, nami nimemshika mume wake kiuno?"

Mguu ule ulivunjika palepale penye kidonda. Madaktari waliukata.

Akwii alipoketi kando ya kitanda hospitalini, Oriokot alibaki mlangoni kwa heshima, akiwa amegeuza uso. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Ni mimi nimejiletea. Nilivunja mwiko wa mkwe, Mungu akaniona."

Oriokot alijua. Traka ilikuwa imemwandikia kwenye simu yake pia ni nani aliyezima. Lakini hakumtaja mkewe. Akwii angeweza kunyamaza, na mama angekufa akijilaumu.

"Si mwiko, mama," Akwii akasema. "Ni mimi niliyezima. Nilidhani kuna mwanamke."

"Si ungeniuliza hata mimi," mama akasema, kisha akageukia ukutani.

Siku hizi Akwii ndiye anayemwosha mama yake, kule Kamuriai. Mama anakubali kuoshwa. Maongezi bado hayajarudi.

Mafunzo

Wenzangu, vifaa hivi vya mtandao vinatusaidia, nasi tusivikimbie. Traka ile ilirudisha pikipiki. Lakini inaonyesha mtu yuko wapi tu. Haionyeshi amembeba nani, wala kwa nini. Mwenye wivu hujaza mwenyewe yaliyobaki. Usibonyeze kitufe kabla ya kuuliza kwa mdomo. Na tunaoficha jambo jema kwa sababu ya haya, tuwaambie watu wetu mapema.