Mara Mbili Maana Yake Mimina

Rafiki yangu seremala hana kipaji cha kutunga uongo, ndiyo maana kisa chake hiki kinanikosesha raha.

Yeye na mkewe walikuwa na gari kuukuu la safari, lenye kitanda na jiko humo humo ndani. Oili walibadilisha wenyewe. Mke, aliyekuwa mwembamba, ndiye aliyeingia chini. "Wewe na hilo tumbo utanasa huko, baba," alikuwa akimtania. Mume alisubiri juu na galoni ya oili mpya. Oili chafu ikiisha kutoka, na nati ya kuziba tundu lake kule chini ikishakazwa, mke aligonga bodi kwa spana mara mbili. Maana yake: mimina.

Mke alifariki, na gari likakaa bandani mwaka mzima. Jumamosi moja mchana rafiki yangu alijifungia katika banda hilo lisilo na dirisha, akajikokota uvunguni peke yake na taa na spana, akafungua nati na kuitia kwenye mfuko wa shati isije ikapotea. Oili chafu ilipoanza kushuka kwenye beseni, akatoka kunyoosha mgongo.

Kwa mazoea, akajikuta amesimama penye injini, galoni mkononi, anasubiri. Taa na spana aliviacha uvunguni. Huku juu kulikuwa giza. Kilichosikika ni matone tu: to, to, to.

Akajicheka. "Unamsubiri nani, mzee?"

Matone yakakoma ghafla.

Kisha, chini ya gari, spana ikagonga bodi mara mbili, taratibu.

Akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Nati haikuwamo.