Bluu Chini ya Bamba

Mhakiki wa magitaa alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza ya kazi na mlango wa nyuma wa karakana yake, miwani imevunjikia chini ya shavu lake. Damu ilishakauka kwenye sakafu ya saruji. Karibu na kiwiko chake kulikuwa na nyundo ya mbao.

Inspekta alichuchumaa kando ya maiti. Alikuwa ametoka kwenye tukio jingine asubuhi hiyohiyo na hakuwahi hata kubadili shati.

"Kitu butu," daktari wa polisi alisema. "Pigo moja, nyuma ya kichwa. Jana alasiri, au jioni mapema."

"Moja tu?"

"Lilitosha."

Sajenti alimaliza kukagua madirisha. Mlango haukuvunjwa. Droo hazikuguswa. Pochi ya marehemu ilikuwa mfukoni mwake, na ukutani magitaa ya zamani yalining'inia kama nyama buchani, kila moja kwenye ndoano yake.

"Mkewe anasema yote yapo, afande. Na hakuna la bei rahisi humu."

"Basi aliyekuja hakufuata mali."

Juu ya meza kulikuwa na kitu kilichofunikwa kwa shuka jeupe, pembe zake zimekunjwa vizuri kwa chini. Inspekta alivaa glavu akalifunua. Lilikuwa gitaa la besi, limefunguliwa: shingo pembeni, bamba la plastiki linalokinga uso wake pembeni, skrubu ndani ya kisosi. Alilitazama, kisha akamtazama marehemu.

"Mtu wamemwacha hivyohivyo," alisema. "Gitaa wamelifunika."

Mke wa marehemu alikuwa amekaa kwenye kochi la sebuleni, khanga begani, macho makavu. Alikuwa ameshinda jana kwa mdogo wake, akalala hukohuko, na ndiye aliyeikuta maiti.

"Watu walimwita Jicho," alisema. "Wanunuzi wa mbali hawakugusa gitaa la zamani kabla yeye hajatamka."

"Alikuwa anatafuta nini hasa?"

"Rangi. Magitaa mengi yalitoka kiwandani na rangi ya kawaida, kahawia inayofifia kuelekea katikati. Machache yalipakwa rangi za kuagizwa. Hizo ndizo zinazotafutwa, na ndizo watu wanazoghushi."

Walirudi karakanani, maiti ikiwa imeshaondolewa. Mama yule alifunga pazia, akawasha taa ndogo ya mwanga wa zambarau. Mwili wa gitaa lile uling'aa kijani cha njano, kote sawasawa.

"Vanishi ya zamani huwaka hivyo. Rangi ya juzijuzi ingebaki nyeusi."

"Kwa hiyo hili ni la kweli."

"Kwa macho yangu, ndiyo. Ila mimi nilikuwa namshikia taa tu."

Alipofungua pazia, inspekta aliinama karibu. Gitaa zima lilikuwa la kijani kilichochujuka. Lakini pale bamba lilipokuwa limekaa, rangi ilikuwa bluu, safi kama imepakwa jana.

"Jua linageuza vanishi kuwa njano," mama yule alieleza. "Njano juu ya bluu, ndiyo kijani hicho unachokiona. Chini ya bamba jua halifiki."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mwalimu mmoja wa chekechea. Alilileta juzi."

Mwalimu walimkuta darasani, anafuta ubao, watoto wameshaondoka. Aliposikia habari alikaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Ni gitaa la baba," alisema. "Lile la kijani. Alipiga besi kwenye kumbi maisha yake yote. Alifariki mwaka jana."

"Nani mwingine alijua umelipeleka kwa Jicho?"

"Kaka."

"Yeye alisemaje?"

"Alisema hataki kusikia habari za gitaa hilo."

"Kwa nini?"

"Baba siku zote alisema alilinunua likiwa bluu, halijaguswa tangu kiwandani. Watu walimcheka, maana wanaona kijani. Kaka peke yake ndiye aliyemwamini. Alipokuwa kijana akalipeleka kwa Jicho ili awakomeshe. Jicho akalitazama juujuu tu, akasema kiwanda hakikutoa kijani hicho, limepakwa upya." Alijifuta chaki mikononi. "Kaka akarudi, akamwita baba mwongo mbele ya bendi nzima. Hawakuongea tena. Hata kwenye msiba alisimama nje ya geti. Na tangu siku ile, kwake yeye ni 'la kijani' tu. Ukitaja bluu, anaondoka mezani."

Kaka mtu alikuwa fundi mitambo wa ukumbi mmoja wa muziki. Sajenti alimleta kituoni mchana. Feni ya chumba cha mahojiano ilizunguka kwa kelele bila kuleta upepo.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Ukumbini. Nafunga spika."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Jicho unamfahamu?"

"Nani asiyemfahamu?"

"Mara ya mwisho kumwona?"

"Zamani."

"Gitaa la baba yako liko wapi?"

"Muulizeni dada. Mimi mambo ya hilo gitaa la bluu nilishaachana nayo."

Kalamu ya sajenti ilisimama. Inspekta alijikanda macho kwa vidole viwili.

"Umesema la bluu."

"Baba aliliita hivyo."

"Baba yako, sawa. Wewe hujaliita hivyo tangu mlipokosana. Nani kakuonyesha?"

Yule bwana alivuta kiti chake nyuma.

"Kuna alama za vidole kwenye nyundo, na nyingine kwenye bamba. Tutachukua na zako. Naweza kungoja maabara, au unaweza kuniambia mwenyewe. Hulazimiki kusema lolote, na utakalosema litaandikwa. Lakini mimi nimechoka, ndugu yangu, na naona wewe umechoka kunishinda."

Aliweka viganja vyake juu ya meza.

"Sikwenda kumuua," alisema. "Nilikwenda nisikie tena kwamba limepakwa upya. Baba kashakufa. Nilitaka angalau iwe kwamba nilikuwa sahihi."

"Ukamkuta?"

"Amelifungua, ana furaha. Ananiita, njoo uone bluu hiyo, haijaguswa. Nikamwambia, mzee, wewe ndiye uliyeniambia limepakwa upya. Akasema, 'Mimi? Haiwezekani. Utakuwa ulinisikia vibaya.' Nikamwambia, siku ile hukufungua hata skrubu moja. Akacheka. Akasema vijana mna haraka, mnasikia mnachotaka. Akanipa mgongo, anatafuta bisibisi. Nyundo ilikuwa pale."

"Kama angekiri?"

"Angesema samahani tu, ningekwenda zangu. Neno lake ndilo lililonitoa kwa baba, afande. Halafu hakulikumbuka."

"Gitaa ulilifunika kwa nini?"

"Jua lilikuwa linaingia dirishani."

Sajenti aliandika hilo pia. Walimsomea maelezo yake, akayatia saini, akapelekwa mahabusu bila kugeuka nyuma.

Dada mtu alikuwa akingoja kwenye benchi la mapokezi. Inspekta alikaa kando yake, kwa sababu kusimama kulimshinda, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye rangi, dada aliweka mkono mdomoni.

"Kwa hiyo lilikuwa bluu kweli?"

"Kweli."

"Unajua kwa nini nililipeleka?" Aliongea akitazama sakafu. "Baba mwenyewe, mwishoni, alianza kuwa na shaka. Akawa anasema labda dukani walimdanganya, labda kaka alikuwa sahihi. Siku moja kitandani akaniuliza, mwanangu, wewe unaliona la rangi gani?"

Inspekta aligeuza kichwa kumtazama.

"Nikamwambia la kijani, baba. Akatikisa kichwa kukubali. Hakuliulizia tena."

Ndani, simu ya kituo ilikuwa ikiita, na sajenti alikuwa amesimama mlangoni akimngoja inspekta ainuke.