Beseni la Binti wa Kenge

"Kenge, mgeni keshaingia darasani. Rimoti iko mfuko wa koti, kulia."

Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye kidude kidogo kama punje ya mtama, ndani kabisa ya sikio.

"Nimesikia."

"Akibonyeza, tangi la meli yake linafunguka. Bandari nzima mafuta. Kesho anatuuzia poda ya kuyasafisha."

"Nimkamate?"

"Usimshtue. Akishtuka atabonyeza."

Kenge aliiacha bastola yake ya Beretta ndani ya gari. Darasani mna watoto. Akasukutua pombe, akaitema, iliyobaki akajimwagia shatini. Mungu ni shahidi, hakuwahi kuimeza hata tone.

Lakini mtaa mzima ulimjua kwa ulevi. Hata nyumbani kwake. Mlevi hafichwi neno, wala hakuna anayemwogopa.

Shida ilikuwa moja tu.

Darasa lile lilikuwa la binti yake.

Akachungulia dirishani. Mtoto alisimama mbele ya beseni la maji yenye mafuta, sare imepigwa pasi ikanyooka. Manyoya ya kuku yaliyokuwa mezani aliyaokota mwenyewe kwa wachinjaji, akayafua, akayaanika, huku mama yake akimcheka.

"Pamba ilinyonya mafuta pamoja na maji," alieleza. "Manyoya yakanyonya mafuta tu, yakaacha maji. Poda ya mgeni wetu haikuyaondoa. Imeyazamisha tu. Tazameni chini ya beseni."

Darasa likaguna. Mwalimu akakohoa.

Mgeni, suti ya kijivu, aliyekuja kuitangaza poda hiyo, akatabasamu kwa meno matupu. Mkono ukateremka kuelekea mfuko wa kulia.

Sasa!

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Wasomi, hamjambo? Mbona mnapika bila moto?"

Watoto wakaangua kicheko.

"Baba, nakuomba," binti alinong'ona. "Rudi nyumbani. Leo tu."

Kenge, wanasema, hasikii mpaka aone damu. Huyu alisikia neno kwa neno.

Akapepesuka. Akaiangukia meza kwa kifua kizima. Beseni likaruka, maji na mafuta yakamfunika mgeni tangu tai hadi viatu.

"Samahani, mheshimiwa! Ngoja nikupanguse!"

Akachota manyoya mezani, yale masafi, akamsugua nayo. Vidole viwili vikazama mfukoni, vikaibuka. Rimoti ya kweli ikaondoka, ya bandia aliyokuja nayo ikabaki.

"Mtoeni mlevi huyu!" Mgeni alifoka, akageukia ukuta.

Akabonyeza.

Akabonyeza tena.

"Meli imetulia," Mkuu alisema sikioni. "Vijana wetu wanamngoja getini. Umeiweza, Kenge!"

Mwalimu alikuwa amemkaba Kenge ukosi. "Huyu ndiye baba yako?"

Binti alikuwa amepiga magoti, akiokota manyoya yake yaliyolowa, moja moja. Hakuinua uso.

"Simjui, mwalimu."

Mwalimu akamsukuma Kenge hadi nje.

Uwanjani, Kenge alivaa miwani yake ya jua. Getini pingu zililia, mgeni akapiga kelele akimtaka wakili wake. Kenge hakugeuka. Alitembea wima, hatua za askari, mafuta yakimchuruzika kwenye viatu.

Kisha akahisi macho mgongoni.

Akatupa jicho. Binti yake alikuwa dirishani, manyoya yamemjaa mikononi, anamtazama.

Kenge akaanza kupepesuka upya.