Taa Nyeupe Barabara ya Kigongo

Jioni ile Masalu alikuwa anakwenda Kigongo kuchukua mananasi, na alikuwa na hasira.

Hasira haikuwa ngeni kwake. Tangu wamzike mama yake, Selina, alilala nayo na kuamka nayo. Lakini siku hiyo ilikuwa na kisa cha karibu. Mchana kutwa alishinda Nyegezi kwa fundi Deodatus, Mhaya mpole aliyetengeneza umeme wa magari kando ya stendi, wakibishana juu ya taa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila kontena lililofika mjini lilikuja na jipya lake. Safari hii zilikuja taa za gesi, zile wanazoziita zenoni, zilizong'olewa kwenye magari ya kifahari huko Japani. Masalu alizipenda pale pale, akataka zifungwe kwenye pikapu yake.

Deodatus alizifunga, lakini kwa shingo upande. Alimweleza kwamba kioo cha taa za Hilux yake kilitengenezewa balbu ya kawaida. Ukikiwekea hii, mwanga hautulii barabarani. Unatapakaa juu na pembeni, unampiga machoni kila anayekuja. Akamwomba angalau amruhusu azielekeze chini, kisha wazipeleke kwa trafiki zikaguliwe.

Masalu akakataa. Alitaka zipige machoni. Malori ya barabara ile yalikuwa yakimmulika kila jioni bila kushusha taa, hadi siku moja akagonga ng'ombe wa watu ambaye hakumwona.

"Na wao waone," alimwambia fundi. "Acha hivyo hivyo."

Alipofika Usagara akasimamishwa na trafiki, sajenti mmoja mwanamke aitwaye Prudencia. Aliinama mbele ya gari, akamwambia awashe, akarudi nyuma hatua moja huku amekunja uso. Akasema weupe wa taa si hoja, hoja ni kwamba zitampofusha mwenzake. Azishushe au azitoe. Akirudi nazo zikiwaka vile, gari litalala kituoni.

Masalu alirudisha leseni mfukoni, akaondoa gari. Moyoni alikuwa akisema: siku watu wenye mapanga walipoingia jikoni kwa mama yangu, nani aliwasimamisha? Leo mtu anasimamishwa kwa ajili ya balbu.

Kigongo alichelewa. Kivuko kilikuja kimejaa, wapakizi wakavutana, na mananasi ya Geita yalipomaliza kupangwa nyuma ya pikapu jua lilikuwa limekwisha kuzama upande wa Busisi. Akawasha gari kurudi mjini. Giza lilikuwa linaingia taratibu, lile la kumfanya mtu asijue kama anaona au anakisia.

Akabonyeza swichi.

Taa zikalia ziii... Mwanga ukaanza wa zambarau, ukawa wa buluu, kisha ukatulia mweupe kama maziwa. Barabara yote ikafunguka mbele yake. Aliona jiwe, aliona jani, aliona mchanga wa pembeni punje kwa punje. Lori likaja limemmulika kama kawaida. Safari hii Masalu hakukwepa. Likapunguza mwendo, likayumba, likapiga honi ndefu ya woga. Akacheka peke yake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Akafika kwenye kona ya kijiji chao.

Kwa kawaida aliipita kona hiyo bila kugeuza shingo. Upande wa kushoto, kwenye mwinuko, lilikuwa shamba la mama yake. Baba alipofariki, Selina alililima pamoja na mwanawe mdogo, Kija. Kisha Kija akaugua ghafla akafa, kijana mwenye nguvu zake. Baba mdogo wao, Shimba, akaenda kwa mganga, akarudi na neno: Kija hakufa, amechukuliwa msukule, na aliyemchukua ni mama yake mwenyewe. Si mnaona macho yake yalivyo mekundu? Mama wa watu alikuwa na macho mekundu kwa sababu ya moshi. Miaka yote alipikia samadi kavu. Lakini neno likishatoka halirudi. Wakamkatakata jikoni, chungu kikiwa bado mekoni. Shimba akalichukua shamba. Tangu hapo alivuna kuliko kijiji kizima, na hakuna aliyewahi kumwona amemwajiri mtu.

Kwenye kona, mwanga uliotapakaa ukapanda mwinuko.

Shambani kulikuwa na watu wanalima.

Masalu akakanyaga breki. Ilikuwa Agosti. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei, ardhi ngumu kama sakafu. Nani analima Agosti? Nani analima gizani? Nao walikuwa wengi, wamejipanga mstari mmoja, wamejifunga magunia viunoni. Majembe yao yalipanda pamoja, yakashuka pamoja.

Puu... Puu... Puu...

Akazima taa. Kwenye mabaki ya mwanga wa jioni aliona shamba tupu na visiki vya pamba. Hakuna mtu.

Akawasha. Ziii... Zambarau. Buluu. Nyeupe.

Walikuwepo. Nao sasa walikuwa wamekaribia barabara.

Harufu ikamfikia kupitia dirishani, harufu ya udongo mbichi uliofukuliwa sasa hivi. Alitaka kukimbia. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye mafuta. Lakini wa mwisho kwenye mstari alilima kwa mkono wa kushoto, na katika familia yao mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Akashuka. Akaliacha gari linanguruma, akavuka mtaro, akapanda mpaka kwenye kingo ya shamba.

"Kija," alinong'ona. "Ni mimi."

Jembe likasimama hewani. Uso uliogeuka ulikuwa wa mdogo wake, umekonda, na macho yake hayakung'aa kwenye taa hata kidogo. Yalikuwa meusi kama matundu. Akainua kiganja kujikinga.

"Zima, kaka," alisema, ulimi mzito kama wa mtu mwenye chakula mdomoni. "Inachoma."

"Nani kakuleta huku? Ni mama?"

Kija akatikisa kichwa polepole sana.

"Mama hayupo huku."

Masalu akamshika mkono. Ulikuwa baridi, umejaa tope. Akavuta, lakini Kija hakusogea, ni kama kuvuta mti.

"Mwanangu, zima taa."

Sauti ilitoka nyuma yake, barabarani. Baba mdogo Shimba alikuwa amesimama kando ya pikapu, mkono mmoja umeziba macho. Masalu hakumwamkia. Alishuka na kumkabili, na woga wote ukawa umegeuka kuwa kitu kingine.

"Siku hizi shikamoo hamna?" Shimba aliuliza taratibu.

"Ulisema ni mama."

"Nilisema alichosema mganga."

"Mama hayupo pale."

"Pale wapi?" Mzee hakugeuka kutazama shamba hata mara moja. "Mimi naona visiki tu. Na taa zako haziruhusiwi, mwanangu. Utakamatwa na trafiki."

Alilisema kwa upole, kama mzazi anayemhurumia mtoto. Upole ule ndio uliompandisha Masalu kichaa. Akaruka ndani ya gari. Aliamua kuliingiza shambani, taa zote zimewaka, amfunge Kija kamba amvute kwa nguvu za injini kama ni lazima. Akakata usukani kwa nguvu. Mwanga mweupe ukafagia barabara kutoka upande hadi upande.

Mtu akapiga ukelele.

Alikuwa Paulo, muuza samaki, anarudi kwake kwa baiskeli. Mwanga ulimpiga usoni akapoteza barabara, akaingia mtaroni na kujigonga kwenye mawe ya kalavati. Gurudumu la baiskeli lilikuwa bado linazunguka Masalu alipomfikia. Damu ilimfunika uso mzima. Mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Sioni," Paulo alikuwa akisema. "Jamani, sioni."

Masalu akasimama katikati. Juu yake, kwenye mwinuko, mdogo wake. Chini yake, mtaroni, mtu aliyeangushwa naye. Akatukana kwa sauti, akamtukana Shimba, akazitukana taa, akajitukana mwenyewe. Kisha akainama akambeba Paulo, akamlaza juu ya mananasi.

Alipoinua kichwa, taa zilikuwa bado zinamulika mwinuko.

Shamba lilikuwa tupu.

Shimba naye hakuwepo.

Usagara, Sajenti Prudencia alimwona akija, akaingia katikati ya barabara na mkono juu. Alipoona damu hakupoteza muda kumgombeza. Alipanda kiti cha mbele, akamwamuru azime zile taa, wakaenda polepole kwa tochi ya sajenti iliyotolewa dirishani hadi hospitali. Paulo alishonwa, mkono ukafungwa plasta, na kesho yake asubuhi macho yakarudi. Pikapu ikabaki kituoni.

Masalu alimweleza sajenti yote. Hakujali hata kama angemwona mwendawazimu. Prudencia alimsikiliza, halafu akamwuliza mbona mikono yake ina tope bichi. Asubuhi ile ile wakaenda wote wawili kwenye kona. Shamba lilikuwa limelimwa mwanzo hadi mwisho, udongo mweusi, wenye unyevu, na juu yake hapakuwa na unyayo wa mtu isipokuwa wa Masalu kwenye kingo. Watu wa kijiji walioulizwa walisema hawakusikia kitu.

Sajenti aliokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole.

"Hili siwezi kuliandika," alisema mwishowe. "La taa naliandika."

Likaandikwa, na Masalu akakiri kosa mbele ya hakimu. Alikuwa amemwumiza mtu asiye na hatia, hakuwa na la kujitetea. Deodatus alizitoa taa na kurudisha balbu za zamani, akazielekeza chini vizuri, gari likakaguliwa na kupita. Fundi hakusema "nilikuambia." Alimuuliza tu kama ni kweli yanayosemwa huko kijijini, na Masalu akamlipa, akawasha gari.

Kijijini yalikuwa yakisemwa mengi. Tangu jioni ile macho ya Shimba yalikuwa mekundu. Yalivimba, yakatoka machozi mchana na usiku, yakawa mekundu kama nyama. Watu wakaanza kuhesabu mavuno yake ya nyuma. Wakaanza kunyamaza akipita. Basi jioni moja vijana wa kijiji wakamfuata Masalu alikokuwa akipakua mzigo, mapanga wameyafunga ndani ya makoti, wakamwambia kwa heshima zote kwamba wanamngoja yeye. Aseme neno moja tu. Yeye ndiye mwenye uchungu.

Masalu aliwatazama mmoja mmoja. Wawili kati yao aliwajua. Walikuwepo jikoni kwa mama yake. Kijiji kizima kilijua walikuwepo.

Na alilitaka lile neno. Lilikuwa limemkaa kooni, tamu na moto. Alijiona akilitamka. Alimwona Shimba chini. Kisha akasikia tena ile sauti nzito: mama hayupo huku. Huku wapi? Na kama mwenye ufunguo atakufa, mlango utafunguliwa na nani?

"Siku ya mama yangu mlimuuliza nani?" alisema.

Mmoja akakaza koti juu ya panga lake.

"Atakayemgusa yule mzee nitamtaja polisi kwa jina, na jina la baba yake. Na ya mama nitayataja."

Wakaondoka wakitema mate. Masalu akaenda hadi kwa Shimba, akasimama mlangoni, kwa sababu alitaka mzee ajue ni nani aliyemwachia pumzi. Shimba alikuwa ameketi gizani na kitambaa machoni.

"Nimesikia," mzee alisema. "Ahsante, mwanangu."

"Mrudishe."

Shimba akafuta machozi yake mekundu, akakikunja kitambaa vizuri, kona kwa kona.

"Nikirudisha mmoja," alisema kwa sauti ya chini, "wenzake watauliza."

Hakusema tena neno, jioni ile wala siku nyingine. Masalu alirudi, akabembeleza, akatishia, akaja na padri. Mzee alimtazama tu kwa macho yale, akala alicholetewa, akaishi.

Hadi leo Masalu anabeba mananasi. Taa zake ni za manjano, zinatazama chini, hazimsumbui mtu, na kila trafiki humpungia mkono apite. Akifika kwenye kona jioni haoni kitu upande wa kushoto. Ni giza tu, na harufu ya udongo mbichi hata wakati wa kiangazi. Lakini hushusha kioo, akapunguza mwendo, akasikiliza.

Puu... Puu... Puu...

Siku nyingine hasira humshika akasimamisha gari, akazima injini, ili asikie vizuri jembe la mkono wa kushoto ni lipi.

Na majembe nayo hunyamaza, yakamsikiliza yeye.