Filimbi ya Refa wa Nyamwage

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumatano, Bi Semeni wa Nyamwage aliinama mbele ya kabati la kioo katika makumbusho ya uwanja wa taifa. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hii si filimbi ya mume wangu," alisema.

Sabra, mpwa wake, alitazama saa na kuandika muda kwenye daftari. Alikuwa koplo wa upelelezi huko Kibiti, na likizo yake ya siku mbili alikuwa ameichukua kwa jambo hili tu. Hakukusudia kurudi mikono mitupu.

Barua ndiyo iliyowaleta. Marehemu Mzee Mfaume, mume wa Bi Semeni, alikuwa refa, na jina lake lipo kwenye ukuta wa heshima wa makumbusho hayo. Miezi minane nyuma familia ilikabidhi filimbi aliyochezeshea fainali yake ya mwisho. Sasa kamati ya makumbusho inasema iliyomo kabatini ni mpya ya dukani, familia imedanganya, na Ijumaa jina la Mfaume litafutwa. "Wakilifuta, wamemzika mara ya pili," Bi Semeni alisema walipoondoka Kibiti.

"Umejuaje, shangazi?"

"Ya Mfaume ina alama za meno hapa mdomoni. Hii haina hata mkwaruzo. Lakini kamba ni yangu. Nilisuka ukindu wa zambarau, nikaufunga duara kwenye pete. Huitoi filimbi bila kuikata kamba."

Sabra alisogeza uso kwenye kioo. Kamba ilikuwa imekatwa kweli, ikaungwa kwa fundo. Penye fundo ukindu, jani la mkindu lililotiwa rangi, ulikuwa umepasukapasuka.

Msimamizi wa makumbusho, Bwana Abdalah, aliwakaribisha ofisini kwa adabu zote. Yeye ndiye aliyeiandikia kamati kuwa filimbi ni ya dukani. Ukutani ilining'inia picha kuukuu ya timu ya mpira.

"Ulicheza?" Sabra aliuliza.

"Kidogo. Nikaacha."

Alivuta droo kutoa ufunguo wa kabati. Kwenye pembe ya droo Sabra aliona kijipande cha zambarau, kidogo kama punje ya mpunga.

"Siku ya makabidhiano filimbi ilipita wapi?"

"Mezani mbele ya wageni, kisha moja kwa moja kabatini. Humu ofisini haijawahi kuingia. Ningekuwa wewe, ningemuuliza kijana aliyeileta mjini."

Kijana huyo alikuwa Mudrick, kitindamimba wa Bi Semeni aliyesafiri nao, na hapo alikuwa amesimama mlangoni. Sabra alimbana kuliko mtu baki, maana alijijua anampenda na hakutaka kumpendelea.

"Ulilala nayo wapi?"

"Mbagala, kwa rafiki. Tuliangalia mpira."

"Na filimbi?"

"Kwenye begi. Sebuleni. Watu walikuwa wengi, dada."

Bi Semeni aligeuza uso. Sabra aliumia moyoni, lakini aliandika kila neno.

Ufunguo wa akiba alikuwa nao Saadi, mtembeza wageni, mzaliwa wa Mbwara, Rufiji kama akina Bi Semeni. Mwezi uliopita alipewa onyo kwa kujaribu jezi ya maonyesho.

"Nilipiga picha tu, afande," alisema. "Ujinga wa simu. Lakini filimbi ya mzee wa kwetu ningeigusaje?"

Saa saba kasorobo Sabra aliwaita wote watatu mbele ya kabati. Aliuomba mkoba wa shangazi yake, ambamo ukindu haukosekani, kwani mikono ya Bi Semeni haijui kukaa bure. Alimpa kila mwanaume ukindu na pete ya funguo.

"Nifungieni fundo."

Mudrick alitia ukindu mdomoni, akaulowesha kwa mate, akafunga. Saadi aliuliza, "Hakuna maji?" Alichovya wake kwenye kikombe, akafunga. Bwana Abdalah aliukunja palepale. Ulilia tak, ukapasuka, na chembe za zambarau zikadondoka kiganjani mwake.

"Mtoto wa Rufiji, awe mvivu vipi, anajua ukindu haukunjwi mkavu," Sabra alisema. "Aliyefunga fundo la kabatini hakujua. Na chembe kama hizo zimo kwenye droo ya ofisi ambayo umesema filimbi haijawahi kuingia. Twende tukaifungue?"

Abdalah alitia mkono mfuko wa ndani wa koti na kutoa filimbi yenye alama za meno.

"Fainali ya kombe la mikoa, uwanja wa zamani hapo jirani," alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Dakika ya themanini na tisa Mfaume akapuliza: penalti, na mimi kadi nyekundu. Sikumgusa yule mtu. Tulifungwa, na timu haikuniita tena. Halafu mnaniletea filimbi ileile niifute vumbi kila asubuhi. Nilitaka jina lake litoke ukutani. Basi."

"Mbona hukuitupa?"

"Nilishindwa."

Bi Semeni aliipokea filimbi, akapapasa alama kwa kidole gumba.

"Wewe ndiye namba nne?"

Abdalah alishtuka, akaitikia kwa kichwa.

"Alirudi Nyamwage hakula. Aliniambia, 'Semeni, leo nimemwonea kijana wa watu, namba nne.' Meno haya ni ya usiku ule. Hakuchezesha tena. Aliona haya kusema, na mimi nikanyamaza miaka yote nikidhani nalinda jina."

Abdalah aliketi kwenye kiti cha mlinzi, akalia bila kujificha.

Sabra alipiga simu kituo cha polisi, kisha akaandika maelezo: familia haikudanganya, na msimamizi amekiri kubadilisha filimbi. Abdalah alisaini saa saba na nusu.

"Jina litabaki, shangazi," Sabra alisema. "Tumemaliza."

"Bado." Bi Semeni alimgeukia Saadi. "Lete kalamu, baba. Kwenye kibao chake cha ukutani andikeni na habari ya namba nne."

"Si lazima," alisema Abdalah.

"Nimekuja kulitetea jina la mume wangu," alisema Bi Semeni. "Liandikwe zima."