Masafa ya Kaze

Kosa lilianza dogo, la kuchekwa. Simu zote pale studio ziliona mitandao miwili ya waifai kutoka kwenye ruta moja: STUDIO na STUDIO_5G. Kompyuta iliona STUDIO tu, ile ya polepole. Ile ya pili, yenye masafa ya juu, inayopandisha video ya harusi nzima kabla chai haijapoa, haikuiona kabisa. Ilikuwepo hewani, ilikuwepo kwenye kila mfuko wa suruali, lakini kwenye kompyuta hakuna.

Na kwa kuwa kifaa kikiharibika wa kwanza kushitakiwa ni mfanyakazi, bosi Shigela alitangaza kwamba Modest ameiba kadi nzuri ya waifai na kuchomeka mbovu.

Modest alirudi kwenye kazi yake. Mchana mmoja aliinuka kwenye kiti chake cha kuhariri video, akatoka bila viatu, akafuata reli kwa miguu mpaka kwao, kijiji cha Usoke, shingo imezama mabegani kama mtu aliyebeba gogo. Kichwani hamna kitu. Nyumbani hawezi kulala wala kuinama. Akifika mlangoni anachuchumaa ili kitu kisichokuwepo kisigonge fremu. Neno lililobaki kinywani mwake ni moja: "Nitueni." Mama yake alidhani ni wazimu wa kubembelezwa, akainua mikono kumpokea, kama wanawake wanavyotuana ndoo za maji. Tangu siku ile viganja vya mama vimevimba na vidole havikunji.

Shigela alipopata habari alisema kijana anaigiza ili akwepe polisi.

Ndipo Theodora, mdogo wake Modest, alipotoka chuoni na kuingia pale studio na begi mgongoni. Msichana huyu alikuwa mtu wa midahalo, na hoja mbovu ilimkera kuliko njaa.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Wewe ndiye dada yake mwizi?"

"Mimi ni dada yake Modest. Huyo mwizi bado hujamthibitisha."

Shigela alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Ooh, wale wa midahalo, wa vipaza sauti! Kaka yako alinisimulia. Haya, thibitisha wewe. Mimi naenda kula. Nikirudi mashine haijaona mtandao, tunaonana kituoni, na kaka yako aje na shingo yake ya maigizo."

"Na ikiuona? Utasema mbele za watu kwamba hakuiba?"

"Ikiuona," alisema Shigela akichukua funguo za pikipiki, "nitampelekea kuku."

Studio ilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya Bi Nurjahan, nyumba ya zamani ya udongo, kuta zake nene kiasi kwamba kelele za sokoni hazikufika. Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo Tabora hunyamaza na kivuli humrudia mtu miguuni. Bi Nurjahan mwenyewe aliketi koridoni akichagua mchele kwenye ungo.

Theodora akakaa. Kompyuta ilitumia Linux, si kwa mapenzi bali kwa kuwa ni ya bure, na sifa ya Linux ni kwamba ukiihoji vizuri inajibu. Kwanza alichukua bisibisi akafungua kifuniko. Skrubu za kadi zilikuwa na kutu ya siku zote, stika ya kiwanda haijabanduka. Akafunga, akawasha, akafungua dirisha jeusi la amri. Kadi ipo? Ipo. Draiva imeamka? Imeamka. Kadi inayajua masafa yote mawili? Inayajua.

"Hajaiba!" alisema kwa sauti.

"Nani?" aliuliza Bi Nurjahan.

"Kaka yangu, Bi. Kadi iko hapahapa."

"Mimi nilijua. Mwizi gani anaacha viatu?"

Likabaki swali moja. Kila nchi ina sheria zake za masafa: chaneli hii ruksa, ile marufuku. Kompyuta ikidhani iko ugenini huzifunga chaneli za wenyeji na kujifanya kipofu. Theodora akaiuliza iko nchi gani. Ikajibu kwa herufi mbili: KZ.

"Kazakhstan?" Alicheka. "Nani kaihamisha Tabora bila kura?"

Akaandika TZ, akabonyeza. STUDIO_5G ikachomoza kwenye orodha. Hajapiga makofi, ikazama. KZ. Akaandika tena. Ikachomoza, ikazama. Alijua maana yake: kadi za aina hii husikiliza majirani. Ruta ya karibu ikitangaza nchi yake, kadi huiamini ruta hiyo kuliko inavyomwamini mwenye mashine. Mahali fulani, karibu sana, kitu kilikuwa kinatangaza. Alipotembeza simu chumbani, mshale wa nguvu ya mawimbi ulipanda alipoelekea ukuta wa nyuma.

"Bi Nurjahan, ng'ambo ya ukuta huu kuna nini?"

"Ghala. Halina umeme hilo, mwanangu. Hata mlango halina, aliuziba babu mkwe wangu." Alipuliza makapi. "La misafara. Mizigo ya pwani, pembe za ndovu kutoka huko maziwani, yote ilituliwa humo. Enzi hizo hapa watu walipaita Kaze."

Theodora aliziangalia herufi mbili kwenye skrini. Hakucheka tena.

"Kuna majini humo?"

"Mimi nakodisha vyumba. Majini sikodishi." Lakini vidole vya bibi vilikuwa vimesimama juu ya mchele. Akashusha sauti. "Ila kaka yako, siku ile, nilimsikia akisema 'naam'. Hakuna aliyemwita. Nikajua simu."

Orodha ya mitandao ikajifungua upya. Chini ya STUDIO palikuwa na mtandao mwingine, hafifu, usio na nywila: MODEST. Chini yake ukachomoza wa pili, wenye nguvu tele, nao wazi: THEODORA.

Kisha akasikia *tu*. Kitu kizito kimewekwa sakafuni, taratibu, ng'ambo ya ukuta. *Tu*, kingine. *Tu*. Mzigo mmoja baada ya mwingine, kama watu wengi waliofika kituoni na kutua kwa zamu, na pamoja na sauti ikaja harufu, si ya uozo, bali ya jasho kavu juu ya jasho bichi, ya ngozi na vumbi na nta, harufu ya watu waliotembea miezi na hakuna aliyewaambia wamefika.

"Theodora."

Ilikuwa sauti ya mwanaume, yenye adabu, iliyochoka. Ilitoka nyuma ya kisogo chake.

Chuoni aliwahi kusimama jukwaani na kudai aelezwe kwa nini mwanaume akiitwa aitike naam na mwanamke aitike abee kama mbuzi, na ukumbi ukamshangilia. Ukumbi ule haukumsaidia sasa. "Abee" ilikuwa imeshafika mbele ya meno, kwa sababu nyumbani waliitia mdomoni mwake kabla shule haijaingia. Aliuma ulimi mpaka akaonja damu.

"Dada," sauti ilisema kwa upole, "nitwike."

Akaelewa yote kwa mpigo. Mzigo wa kichwani mtu hajitwiki peke yake. Unaomba yeyote apitaye, naye hakuulizi ni mali ya nani, anainua tu. Modest aliitwa akaitika, akaombwa akainua mikono, na mzigo ukageuka ukamkalia yeye. Si wizi, si uvivu, si wazimu. Kaka yake alinaswa kwa adabu! Na mtu wa adabu ndiye aliyekuwa anaitwa mwizi mji mzima.

Hasira ilimsaidia kuliko ujasiri. Mikono yake ilikuwa imeanza kupanda yenyewe. Akaigandamiza mezani, akampigia mama kwa kidole kimoja, akaweka spika.

"Mama, kaka yuko karibu?"

"Yuko hapa, mwanangu," mama alinong'ona. "Leo anazama. Magoti yanamkunjika."

"Nitueni," ilisema sauti ya Modest, ndogo, kutoka chini.

Akaandika, herufi moja baada ya nyingine, kwa vidole vizito kama vya mtu anayesukuma matope, amri ya kuiziba masikio kadi isisikilize tangazo la jirani yeyote, na nyuma yake zile *tu, tu, tu* zikageuka kuwa nyayo, nyayo nyingi, zinakuja ukutani, zinapita ukutani, na ubaridi wa vichwa vilivyoinama ukamzunguka kitini huku jina lake likitajwa kushoto, likitajwa kulia, kwa upole uleule, dada, dada, nitwike, na skrini ikiandika KZ, KZ, KZ, na yeye bila kugeuka akaandika TZ na kupiga kelele kama mtu anayekata hoja ya mwisho mbele ya ukumbi mzima:

"Hapa Tanzania! Msafara umefika, na kaka yangu si pagazi wa mtu! Tua!"

Akabonyeza.

Kishindo kilipiga mahali pawili kwa wakati mmoja, ng'ambo ya ukuta na ndani ya simu. Koridoni ungo ulianguka. Kule Usoke mama alipiga yowe, vyombo vikalia, kisha kimya, kisha sauti ya Modest, ile yake ya zamani ambayo hawakuisikia tangu aache viatu:

"Mayo, mama yangu, nina njaa."

Theodora alilia kwa kwikwi. Kwenye skrini: TZ. Kwenye orodha: STUDIO_5G, imetulia.

Shigela alirudi ameshiba, kijiti cha meno mdomoni. Aliangalia orodha. Akaangalia begi la Theodora.

"Si nilisema? Kadi mliificha. Umekuja nayo begini."

"Bosi, kadi haikutoka hapo ilipo. Fungua uone kutu. Uliahidi utasema hakuiba."

"Niseme nini? Kaka mtu kaiba, dada mtu karudisha."

"Bi Nurjahan shahidi!"

"Kwanza umechezea nini humu? Ngoja nizime niwashe."

"Usizime!" Theodora aliruka. "Sijaihifadhi ile amri! Ukizima inapotea, itarudi kuwasikiliza—"

"Binti, hapa si kwenye midahalo."

Akabonyeza kitufe. Skrini ikafa, ikaamka. Waliisubiri wote wawili. Orodha ikajifungua: STUDIO peke yake. Chini yake, wenye nguvu tele, wazi, usio na nywila: SHIGELA.

"Ona," alisema Shigela, amefurahi. "Umeubadilisha jina tu."

"Bosi, huo usiuguse. Na ukisikia unaitwa usiitike. Nakuomba. Nakupigia magoti." Na kweli alipiga magoti, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu.

*Tu*, ukuta ulisema.

"Shigela," iliita sauti yenye adabu.

Shigela aligeuka, uso una tabasamu la mtu anayeitwa na mteja. "Naam?"

"Ndugu, nitwike."

Mikono yake mikubwa ilipanda hewani kabla hajafikiri. Kijiti cha meno kilianguka. Shingo ilishuka polepole kati ya mabega, kola ya shati ikameza kidevu, magoti yakakunjika. Alimtazama Theodora kwa macho ya mtoto.

"Dada," alisema, na hakuwahi kumwita mtu hivyo pale studio. "Nitue."

Theodora aliujua mzigo ule. Alivijua viganja vya mama. Hoja zote zilikuwa upande wake: mtu huyu alimwita kaka yake mwizi, ameonywa, akapuuza.

Lakini mikono yake ilikwishaanza kupanda.